Shajara ya draiva ya mita ya maji: pigo moja, hesabu mbili

Jumatatu, saa nne asubuhi

Mama anayehudumia kioski cha pili amepiga simu kabla sijamaliza chai. "Mwanangu, mashine yenu inanidai maji ambayo sijauza." Nikamwomba anisomee daftari lake. Jana aliuza ndoo 112 za lita 20, yaani lita 2,240. Mita ikaandika lita 4,526. Nikamwomba arudie tarakimu, akazirudia moja moja, polepole, ili nisikosee kuandika.

Ukigawa 4,526 kwa mbili unapata 2,263. Hizo 23 zinazozidi daftari nazijua: ni maji ya kusuuza ndoo na yanayomwagika, yapo hata siku njema. Kwa hiyo mita haijachanganyikiwa. Imehesabu kila lita mara mbili, kwa uaminifu kabisa.

Jumuiya ya watumia maji inamkata kwa hesabu ya mita, daftari halitambuliki. Kwa bei ya shilingi 50 kwa ndoo, jana peke yake anadaiwa shilingi 5,600 na ushee ambazo hazijaingia mkononi mwake. Nikamuuliza imeanza lini. Alhamisi, umeme ulipokatika na kurudi. Nimemwambia azime boksi, ahesabu hadi kumi, awashe tena, kisha ajaze ndoo moja anisomee. Lita 20. Imekaa sawa.

Hilo ndilo linalonitia hofu. Tatizo linalopona kwa kuzima na kuwasha litarudi umeme ukikatika tena, na huko umeme hukatika.

Kwa atakayesoma shajara hii baada yangu: kila kioski kina boksi lenye kompyuta ndogo ya bodi moja inayoendesha Linux, toleo la 5.10 la keneli, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia vifaa vyote. Mita ya maji ina sumaku ndani. Kila lita moja ikipita, swichi yake inafunga na kufungua, na waya unashuka kutoka volti 3.3 hadi sifuri. Mshuko huo ndio pigo. Kila pigo linaamsha intarapti, yaani linaikatiza prosesa iache inachofanya na kukimbilia fanksheni yetu inayoongeza moja kwenye kihesabio. Draiva yetu, `mitamaji`, yaani programu inayounganisha keneli na mita, inasimamia hilo pamoja na umeme wa mita na vali ya kufungia maji.

Jumatatu, jioni

Nimefunga boksi la akiba mezani. Badala ya mita nimeweka kifaa cha kutoa mapigo, kikifika 100 kinasimama. Nimeandika skripti ya kukata umeme kwa relei, kuwasha, kusubiri, kutuma mapigo 100, kusoma hesabu, kisha kurudia.

Mara 40. Zilizosoma 100 ni 26. Zilizosoma 200 ni 9. Moja imesoma 300, nikairudia kuisoma kwa macho yangu mwenyewe nikidhani skripti imekosea. Na 4 zimesoma 100 vizuri, kisha keneli imekufa baada ya muda, kila moja mahali pake: moja kwenye msimbo wa mtandao, mbili kwenye mfumo wa faili, moja mahali ambapo logi haikuwahi kuandikwa yote.

Miezi miwili sasa tumekuwa tukilaumu kadi za kumbukumbu kwa vifo vya namna hiyo. Tumebadilisha kadi kwenye vioski vitatu.

Jumanne, asubuhi

Nimesubiri boksi lisome 200, kisha nikafungua `/proc/interrupts`. Mstari wetu umeandikwa hivi mwishoni:

`mitamaji, mitamaji`

Jina mara mbili kwenye mstari mmoja. Keneli inatenganisha kwa mkato majina ya wote waliojiandikisha kupokea intarapti hiyo. Kwenye boksi lililosoma 300 yalikuwa matatu. Kwa hiyo fanksheni yetu imesajiliwa mara mbili kwa waya mmoja, na pigo likija inaitwa mara mbili.

Boksi lina mita moja. Draiva ilipaswa kujiandikisha mara moja. Nani kajiandikisha mara ya pili, na wa kwanza alienda wapi?

Nimeangalia pia `/sys/kernel/debug/regulator/regulator_summary`. Umeme wa volti 5 wa mita una watumiaji wawili, wote wanaitwa mita yetu, na hesabu ya waliouwasha ni 2. Hapo nimejua kwamba tatizo si la intarapti pekee. Kuna mzunguko mzima wa draiva uliopita, ukachukua vitu, ukaondoka bila kurudisha.

Jumanne, usiku

Nimelipata. Nanakili msimbo kama ulivyo kwa sababu nataka uonekane:

```
	rc = request_irq(m->irq, mita_pigo,
			 IRQF_TRIGGER_FALLING | IRQF_SHARED,
			 "mitamaji", m);
	if (rc)
		goto zima_umeme;

	m->vali = gpiod_get(dev, "vali", GPIOD_OUT_LOW);
	if (IS_ERR(m->vali)) {
		rc = PTR_ERR(m->vali);
		goto achia_kumbukumbu;
	}

	rc = misc_register(&m->misc);
	if (rc)
		goto rudisha_vali;

	return 0;

rudisha_vali:
	gpiod_put(m->vali);
	free_irq(m->irq, m);
zima_umeme:
	regulator_disable(m->umeme);
rudisha_umeme:
	regulator_put(m->umeme);
achia_kumbukumbu:
	kfree(m);
	return rc;
```

Asiyezoea asome kutoka chini. Lebo zimepangwa kama ngazi: ukikwama hatua fulani unarukia kidato chake, kisha unashuka ukirudisha kila ulichochukua, cha mwisho kikitangulia. Uliomba kumbukumbu, ukachukua umeme, ukauwasha, ukajiandikisha kwa intarapti. Ukishindwa baada ya hapo unajiondoa kwenye intarapti, unazima umeme, unaurudisha, unaachia kumbukumbu. Lugha ya C haina wa kukusafishia ukitoka. Mwongozo wa mtindo wa keneli, sehemu ya 7, unaipendekeza `goto` kwa kazi hii hasa, na unataka lebo iitwe kwa jina la kile inachofanya.

Sasa itazame vali. Kipande cha vali kiliongezwa baadaye, jumuiya ilipotaka kufunga maji usiku. Kiliwekwa katikati, baada ya `request_irq`. Na kikishindwa kinarukia `achia_kumbukumbu`, kidato cha chini kabisa. Kinaruka juu ya `free_irq`, kinaruka juu ya umeme. Kumbukumbu inaachiwa, lakini jina letu linabaki kwenye orodha ya intarapti likiwa na anwani ya kumbukumbu ambayo si yetu tena. Mpangaji kahama, nyumba imevunjwa, barua bado zinapelekwa kiwanjani.

Na vali inashindwa mara kwa mara, kwa sababu halali. Pini za bodi hazikutosha, hivyo vali imefungwa kwenye chipu ya PCF8574, inayoongeza pini 8 kupitia nyaya mbili za I2C. Draiva ya chipu hiyo ni moduli, kipande kinachopakiwa kando, yetu pia ni moduli, na mfumo unapowaka zote zinapakiwa kwa mbio, yoyote inaweza kutangulia. Yetu ikitangulia, `gpiod_get`, ombi letu la vali, inajibu -517. Nambari hiyo maana yake "unachoomba hakijafika, jaribu tena baadaye". Draiva inatoka, keneli inaiweka kwenye foleni ya waliocheleweshwa, na kila kifaa kingine kikifanikiwa kupata draiva yake foleni inajaribiwa upya. Boksi lililosoma 300 lilikwama mara mbili likapita mara ya tatu.

Kwa hiyo njia ya makosa, ile tunayoiandika mwisho tukiwa tumechoka na kuipitia kwa jicho moja, kwenye vioski vyetu inapitwa karibu theluthi ya kila kuwasha. Kila umeme unapokatika ni bahati nasibu, na anayelipa ni mama wa kioski.

Jumatano, asubuhi

Usingizi ulinikatikia kwenye swali moja: kwa nini mara nyingine hesabu ni mbili, na mara nyingine hesabu ni sawa lakini keneli inakufa?

Jibu limo kwenye namna keneli inavyogawa kumbukumbu. Kipande kilichoachiwa sasa hivi ndicho kinachotolewa kwanza anapokuja mwombaji wa saizi ileile. Draiva ikijaribiwa tena haraka, kwenye CPU ileile, inapewa kipande kilekile ilichokiachia. Hapo msajiliwa wa kwanza na wa pili wana anwani moja. Pigo likija wote wawili wanaongeza moja kwenye kihesabio kimoja: lita mbili kwa lita moja.

Lakini mwingine akiwahi kukichukua kipande kile, iwe soketi au kipande cha faili, basi msajiliwa wa kwanza anaongeza moja ndani ya mali ya mtu. Kihesabio chetu kinabaki sahihi, na kila lita inayochotwa inasogeza nambari moja kwenye kitu kisichotuhusu, hadi siku nambari hiyo inapotumiwa kama anwani. Ndiyo maana vioski vyenye wateja wengi vilikufa mapema zaidi. Kadi za kumbukumbu hazikuwa na kosa.

Jumatano, mchana

Nimefuatilia historia ya mistari ile. Kipande cha vali kiliingia na lebo yake mbaya. Wakati huo `request_irq` haikuwa na `IRQF_SHARED`, yaani waya ulikuwa wa mtu mmoja. Draiva ilipojaribiwa mara ya pili keneli ilikataa kwa -16, "pana mtu", na logi ikaandika:

`genirq: Flags mismatch irq 57. 00000002 (mitamaji) vs. 00000002 (mitamaji)`

Ujumbe ule ulikuwa unasema kila kitu. Mgombania waya na mwenye waya wana jina moja. Mita haikufanya kazi kabisa, kioski kilikaa kimya, na hakuna aliyedaiwa maji hewa. Wiki tatu baadaye likaingia badiliko la mstari mmoja lenye kichwa "Rekebisha kosa -16 la mita": limeongeza `IRQF_SHARED`, ruhusa ya kushirikiana waya. Kosa likapotea kwenye logi. Mita zikawaka zote.

Aliyeandika badiliko lile alikuwa na haraka, vioski viwili vilikuwa havisomi. Aliyelipitia na kulipitisha ni mimi. Nakumbuka nililisoma kwenye simu nikiwa stendi. Sikuuliza swali lililokuwa wazi: waya wenye mita moja unashirikiana na nani?

Jumatano, usiku

Mwenzangu amejaribu kulizalisha tatizo kwenye bodi yake, imegoma. Mara 60, zote 100. Akaanza kusema huenda ni boksi langu. Tumekaa kwenye simu karibu saa nzima hadi tulipolinganisha matoleo: yeye anatumia keneli mpya zaidi. Huko keneli yenyewe inasoma ramani ya vifaa, inaona mita inategemea chipu ya PCF8574, na haiiti draiva ya mita mpaka chipu iwe tayari. -517 haitokei. Lebo mbaya ipo palepale, ila hakuna anayeifikia, mpaka siku `gpiod_get` itakaposhindwa kwa sababu nyingine.

Nimemwomba asifunge suala kwa kupandisha toleo. Amekubali, ila kwa shingo upande. Kupandisha toleo kulikuwa kwenye mpango wake hata hivyo.

Alhamisi, asubuhi

Kabla ya kugusa msimbo nataka ushahidi usiobishaniwa. Nimejenga keneli yenye KASAN, chombo cha kumnasa anayegusa kumbukumbu isiyo yake. Hii inaweka alama kwa kila baiti nane za kumbukumbu, inakula moja ya nane ya RAM (MB 64 kwenye boksi letu la MB 512) na kila kitu kinakwenda kwa mwendo wa kobe. Lakini ina jambo moja ninalolihitaji: kipande kilichoachiwa hakirudishwi kazini mara moja, kinawekwa karantini. Hivyo msajiliwa wa kale hawezi kubahatika kuangukia anwani ya mpya.

Pigo la kwanza tu:

`BUG: KASAN: use-after-free in mita_pigo`

Chini yake njia tatu: nani amegusa, nani aliomba kumbukumbu hiyo, nani aliiachia. Ya tatu inaishia ndani ya `mita_probe`, fanksheni inayoiwasha draiva yetu, kwenye `kfree` ya kidato cha mwisho. Nimeichapa na kuibandika ukutani.

Nimejaribu pia kmemleak, kwa kutaka kujua. Haikuona kitu, na ni haki yake. Yenyewe inatafuta kumbukumbu ambayo hakuna tena anayeielekezea. Usajili wetu wa intarapti bado upo kwenye orodha ya keneli, na mtumiaji wa umeme bado yupo kwenye orodha ya regyuleta, kidhibiti cha umeme huo. Keneli inavikumbuka vyote viwili. Sisi ndio tuliovisahau.

Smatch, chombo cha Dan Carpenter cha kusoma msimbo bila kuuendesha, kimeniambia kwa mstari mmoja kwamba kilichotoka kwa `request_irq` hakijaachiwa kwenye njia fulani ya kutokea, na kimetaja namba ya mstari. Kingeweza kusema hivyo siku vali ilipoingia. Kuanzia leo kinaendeshwa kwenye kila badiliko la draiva zetu, nimeshakiweka kwenye seva ya ujenzi.

Alhamisi, jioni

Kiraka cha kwanza. Nimekifanya kidogo makusudi, ili kiweze kuingia kwenye vioski vilivyopo bila kugusa kingine.

Kinahamisha ombi la vali juu, kabla ya `request_irq`. Hata lebo zingekuwa sahihi, si busara kufungua mlango wa mapigo kabla hujawa na vyote unavyohitaji. Kinachoweza kujibu "bado" kiulizwe mapema, wakati cha kurudisha ni kichache. Kinanyoosha ngazi ya lebo ifuate mpangilio mpya, na kidato cha `free_irq` kinapata lebo yake, `achia_intarapti`. Na kinaondoa `IRQF_SHARED`. Nataka hili la mwisho lieleweke: tukikosea tena, keneli itakataa kwa -16 na mita itanyamaza. Mita iliyonyamaza tutaijua siku hiyohiyo. Mita inayoongopa tumeijua kwa simu ya mtu aliyeumia.

Nimeongeza `dev_err_probe` ili sababu ya kucheleweshwa iandikwe kwenye `/sys/kernel/debug/devices_deferred`, badala ya draiva kutoka kimyakimya kama ilivyokuwa.

Kwenye maelezo ya kiraka nimefuata desturi ya keneli ingawa hazina ya msimbo ni yetu wenyewe: mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za kitambulisho cha badiliko lililoleta vali. Nimeandika wa pili kwa badiliko la `IRQF_SHARED`.

Mara 40 za kuwasha: 100, zote. Nimeiacha skripti iendelee usiku kucha.

Ijumaa, asubuhi

Mara 312. Zote 100, hakuna aliyekufa. Lakini hiyo inathibitisha njia moja tu ya makosa, ile ya vali. Draiva ina hatua sita zinazoweza kushindwa, na tano hazijawahi kushindwa mbele ya macho yangu. Siwezi kusema zinasafisha vizuri kwa kuzisoma tu. Nililisoma lile la stendi pia.

Keneli ina njia ya kushindisha maombi ya kumbukumbu kwa makusudi. Unaandika nambari kwenye `/proc/self/fail-nth`, na ombi la kumbukumbu la mara hiyo ndani ya prosesi yako litakataliwa. Unaandika 1, unaifunga draiva kwenye kifaa kupitia faili la `bind`, unaona inavyoanguka. Kisha 2. Kisha 3. Unaendelea hadi draiva ipite bila kuguswa.

Nimepoteza saa mbili nzima kwa sababu hakuna kilichoshindwa. Nambari zote, draiva inapita. Kumbe kwa kawaida failslab, ndiyo njia hiyo ya kushindisha, inayaacha maombi yanayoruhusiwa kusubiri, na ya draiva yetu karibu yote ni ya aina hiyo. Inabidi uandike `N` kwenye `/sys/kernel/debug/failslab/ignore-gfp-wait`. Naandika hapa ili mwingine asizipoteze saa hizo.

Baada ya hapo mvua ya makosa ikaanza kunyesha. Nambari za kwanza zinaangukia kwenye kulifungua faili la `bind` lenyewe, hazina maana. Kisha zinafika ndani. Baada ya kila anguko skripti inakagua vitu vitatu: jina letu lisiwepo `/proc/interrupts`, hesabu ya umeme irudi 0, na `/dev/mitamaji`, faili ambamo programu yetu inasoma hesabu, lisiwepo. Halafu inaifunga draiva bila kushindisha chochote na kutuma mapigo 100.

Nambari zote zimepita safi. Nimerudisha lebo mbaya kwa dakika tano, nikilazimisha vali ijibu -517, kuona kama ukaguzi ungeikamata. Umeikamata mara ya kwanza, vitu viwili kati ya vitatu. Sasa nauamini.

Ijumaa, alasiri

Nikiwa nafunga na kufungua draiva mara nyingi hivi nimeona kitu kingine. Draiva inapoondolewa inaandika jumla yake ya mwisho kwenye logi. Natuma 100, nasoma 100, naiondoa, logi inasema 101.

Nikafungua `mita_remove`. Inazima umeme wa mita kwanza, halafu ndipo inaita `free_irq`. Umeme ukizimwa waya unashuka kutoka volti 3.3 hadi sifuri. Na mshuko, kwa draiva yetu, ni lita ya maji. Nimeiona kwenye osiloskopu: mstari mrefu umenyooka, kisha mteremko wenye tumbo kidogo mwishoni kapasita inapoishiwa chaji, na palepale kwenye mteremko keneli inahesabu lita ambayo haijapita bombani.

Ni lita moja kila boksi linapozimwa kwa utaratibu. Hakuna angelalamika. Lakini ni ugonjwa uleule, mahali pengine: vitu vimerudishwa kwa mpangilio usio kinyume cha ulivyochukuliwa.

Jumamosi

Kiraka cha pili. Huku nimeamua kuiondoa ngazi yote.

Tangu 2007, keneli ya 2.6.21, kuna kazi ya Tejun Heo inayoitwa devres: unaomba kitu kwa jina linaloanza na `devm_`, na keneli inakiandika kwenye orodha ya kifaa. Probe ikishindwa hatua yoyote, au draiva ikiondolewa, keneli inapita orodha hiyo kinyumenyume na kurudisha kila kitu. Wewe unaandika `return rc` tu. Hakuna lebo ya kukosea.

`devm_kzalloc`, `devm_regulator_get`, `devm_gpiod_get`, `devm_request_irq`: hizo zipo. Kuwasha umeme na kusajili `/dev/mitamaji` keneli yetu ya 5.10 haina za moja kwa moja, hivyo nimetumia `devm_add_action_or_reset`, inayokuruhusu kuipa keneli fanksheni yako ya kusafisha iiweke kwenye orodha ileile. Ile "or reset" ya mwisho ni muhimu: orodha yenyewe ikikosa kumbukumbu ya kukuandika, inaita usafi wako palepale.

Nilijaribiwa kubadilisha nusu tu, intarapti na kumbukumbu, na kuacha umeme kwa mkono. Ningejichimbia shimo. Vya devres vinarudishwa baada ya `remove` kumaliza. Umeme ungezimwa kwa mkono ndani ya `remove`, intarapti ikiwa bado hai, na lita ya uongo ingerudi. Ama vyote au hakuna. Nimefanya vyote, na `mita_remove` sasa haina kitu isipokuwa mstari wa logi. Nimefuta mistari 41 na kuongeza 23.

Majaribio yote tena, ya kuwasha na ya kushindisha. Safi. Natuma 100, naondoa, waya unashuka, osiloskopu inaonyesha mteremko uleule wenye tumbo, na hakuna anayesikiliza.

Kimebaki kimoja ambacho sijakitatua na sitaki kijifiche. Programu yetu ya kusoma hesabu huwa imeshikilia `/dev/mitamaji` wazi. Draiva ikiondolewa kupitia `unbind` huku faili liko wazi, kumbukumbu ya `devm_kzalloc` inaachiwa, na programu ikisoma inasoma kiwanja kitupu. Kwenye vioski hakuna anayefanya `unbind`, na nimeweka `suppress_bind_attrs` kwenye toleo la vioski ili mlango huo usiwepo kabisa. Dawa ya kweli ni kuhesabu wanaoishikilia kumbukumbu ile kwa `kref` na kuiachia wa mwisho anapoondoka. Hicho ni kiraka cha tatu, kina suala lake kwenye orodha yetu na jina langu.

Jumatatu

Kiraka cha kwanza kimeingia vioski vyote sita asubuhi, cha pili kitasubiri wiki mbili kwenye boksi la mezani na kioski kimoja cha majaribio. Nimeenda mwenyewe kioski cha pili.

Nimekuta logi za mita tangu Alhamisi ile zipo zote, kila dakika. Kwa kuwa msajiliwa alikuwa ameongezeka mmoja tu, mapigo yote ya siku zile ni jozi, na kila nambari inagawanyika kwa mbili. Nimekaa na mhasibu wa jumuiya tukazigawa siku kwa siku, tukiziweka kando ya daftari la mama. Tofauti ilibaki lita 20 hadi 31 kwa siku, za kusuuza na kumwagika. Mhasibu amesahihisha deni na kuweka saini kwenye kila ukurasa.

Vioski vingine viwili vina siku za aina hiyo mwezi uliopita. Mmoja wa wahudumu hakuwa na daftari, alilipa alichodaiwa. Tunamrudishia kwa hesabu ya logi, nimeshampa mhasibu jedwali.

Mama akajaza ndoo tatu mbele yangu huku mimi nikikata na kurudisha umeme kati ya kila ndoo. 20. 20. 21, ya mwisho ilifurika kidogo. Akaandika zote tatu kwenye daftari.

"Na hili nisiliache?" akaniuliza, ameshika kalamu.

Nikamwambia asiliache, mama. Nimemwachia madaftari mawili mapya, na namba yangu ameiandika ndani ya jalada la la kwanza.